KONA YA SIMU: Picha Zinapogoma Kupanda

 

Mwezi huu tunajibu swali ambalo tumeulizwa na watu wengi, shuleni, kwenye bomba na hata kanisani: "Mwalimu, foto zangu zinakataa kupanda. Simu inaandika inasubiri, inasubiri tu, wiki nzima. Shida ni nini?"

Swali hili si la mchezo. Wengi wetu tuliokimbia Bunagana mwezi wa sita 2022, na wenzetu waliotoka upande wa Goma mwanzoni mwa 2025, hatukubeba albamu ya familia. Tulibeba simu. Humo ndimo kuna sura ya baba aliyebaki, harusi ya dada, buletini za shule, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na picha ya karatasi ya familia. Simu ikiibiwa au ikitumbukia kwenye jerikani, vyote vinakwenda nayo. Bekapu maana yake ni nakala ya vitu hivyo kuwekwa mbali na simu, kwenye akaunti yako ya mtandao, ili siku ukipata simu nyingine uvikute.

Haya basi, tuangalie kwa nini inakwama. Tunazungumzia Google Photos, kwa kuwa simu nyingi hapa kambini ni za Android.

KWANZA, SOMA SIMU INASEMA NINI. Fungua programu ya picha, bonyeza kile kiduara cha juu kulia chenye herufi ya jina lako au sura yako. Hapo simu yenyewe inakuambia: bekapu imekwisha, au imezimwa, au inasubiri Wi-Fi, au nafasi imejaa. Kama imeandika kwa Kiingereza na wewe ulisoma Kifaransa, mwite kijana akusomee. Usianze kubonyeza ovyo.

PILI, INASUBIRI WI-FI. Hii ndiyo sababu tunayoikuta zaidi. Mara nyingi simu imepangwa isitumie MB zako kupandisha picha, na sisi hatuna Wi-Fi nyumbani. Itasubiri mpaka mwisho wa dunia. Ingia kwenye mipangilio ya bekapu, ruhusu data ya simu. Lakini angalia, usiruhusu video. Angalia pia kama umewasha kibana-data cha simu yote, maana hicho nacho kinafunga njia.

Tupige hesabu kidogo. Picha moja ya kawaida inaweza kufika MB 3. Picha 400 ni MB 1,200, yaani zaidi ya GB 1. Ukitoa MB 100 kwa siku, utamaliza siku ya 12. Kwa hiyo kuchelewa siyo lazima simu iwe mbovu, ni mzigo mkubwa kwenye njia nyembamba. Chagua ile njia ya kubana nafasi: picha inapunguzwa uzito na bado inaonekana vizuri. Bando la usiku likiwa la bei nafuu, tumia hilo. Usiku mtandao nao unapumua, watu wamelala.

TATU, SIMU INAILAZA PROGRAMU. Chaji ikipungua, au ukiwasha kibana-betri, simu inaweza kuzima kazi za nyuma ya pazia. Simu nyingi za bei ndogo zinafanya hivyo hata chaji ikiwepo. Dawa yake: zima kibana-betri, weka simu kwenye chaji, fungua programu ya picha na uiache wazi huku mtandao ukiwaka. Ukiiacha kwenye kibanda cha chaji, hakikisha imefungwa kwa namba ya siri.

NNE, NAFASI IMEJAA. Google inatoa bure GB 15 kwa akaunti moja, na hizo zinagawanywa kati ya barua pepe, mafaili na picha. Zamani picha zilizopunguzwa uzito hazikuhesabiwa, lakini tangu tarehe 1 Juni 2021 zinazopandishwa zinahesabiwa. Na tangu 2024 bekapu ya WhatsApp kwenye Android nayo inakula humo humo. Kwa hiyo zile video za kuchekesha za magrupu ndizo zinazomfukuza baba yako kwenye nafasi! Ingia WhatsApp, kwenye bekapu ya mazungumzo, uondoe video. Kisha futa video kubwa zisizo na faida, na umwage pipa la takataka, maana kilichomo ndani yake bado kinashika nafasi. Wenye iPhone, ninyi mna GB 5 tu za bure, mtajaza mapema zaidi.

TANO, IMEKWAMA TU BILA SABABU. Zima simu uwashe. Angalia tarehe na saa ziwe sawa. Angalia kama simu yenyewe haijajaa. Sasisha programu. Mara nyingine video moja nzito ndiyo inayosumbua: ihamishe kwenye kadi ya memori, zingine zitaendelea. Usiifute WhatsApp ukidhani utairudisha, kabla hujaona tarehe ya bekapu ya mwisho. Meseji zilizoingia baada ya tarehe hiyo unaweza kuzikosa.

Sasa mambo mawili tunayoomba myashike sana.

La kwanza ni kufuta. Watu wanadhani picha ikishapanda wanaweza kuifuta kwenye simu na ile ya mtandaoni itabaki. Hapana! Ukiifuta ndani ya Google Photos, inafutika pande zote mbili. Inakaa kwenye pipa siku 60 kama ilikuwa imepanda, halafu inapotea kabisa. Ukitaka kupunguza mzigo wa simu, tumia kile kitufe cha kuachia nafasi, ambacho kinaondoa kwenye simu zile tu zilizokwisha kupanda.

La pili ni akaunti. Wengi wetu tulifunguliwa akaunti na muuza simu. Nywila anaijua yeye, au hakuna anayeijua. Bekapu ya namna hiyo ni kama sanduku lililofungwa na funguo ziko kwa jirani. Fungua akaunti yako mwenyewe, andika anwani na nywila kwenye daftari, lifiche pamoja na karatasi za familia. Weka namba ya simu unayoitumia kweli. Laini ikipotea, ibadilishe kwenye akaunti mapema. Na uingie mara kwa mara: tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti ambayo haijatumika miaka miwili.

Kama MB ni chache, usianze na picha zote. Anza na karatasi: ya familia, vyeti vya watoto, buletini, diploma, kadi za kliniki. Jitumie mwenyewe kwa barua pepe, picha kumi tu hazifiki MB 40. Zinazofuata ni sura za watu ambao hatuwezi kuwapiga picha tena. Za sherehe na magrupu zitasubiri. Picha za karatasi usizirushe kwenye magrupu, hata ya ukoo, kwa sababu hujui zitafika wapi.

Vijana, ninyi mnaozijua simu kuliko sisi, wiki hii kaeni na mama zenu na nyanya zenu, mkague bekapu zao pamoja. Waacheni wao wenyewe waandike nywila, ninyi mgeukie pembeni.

Anayekwama aje na simu yake yenye chaji, baada ya masomo ya mchana. Hatutozi kitu. Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutaongelea namna ya kuwatambua matapeli wa pesa za simu. Kaeni salama.