UDONGO WETU UMEKWENDA WAPI?



Baada ya mvua kubwa ya mwezi uliopita tulikwenda kutazama shamba letu lililo mtelemkoni, huku Murang'a. Tulikuta miche ya mahindi imechukuliwa na maji, na mto ulio chini umekuwa mwekundu kama udongo wa chungu. Tukaanza kuhesabu hasara yetu. Mwanafunzi wetu mmoja, mtoto wa miaka kumi, akatuuliza: "Maalim, udongo wetu umekwenda wapi?" Swali hilo lilitutahayarisha, kwani sisi tulikuwa tukiwaza mahindi tu.

Jawabu ni hili. Mito ya huku huteremkia Mto Tana, na Tana huingia katika bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981. Humo maji hutulia, na udongo hutuama chini. Kila pishi ya udongo huchukua mahali pa pishi ya maji, na mashapo yaliyoingia yamezidi makadirio ya wajenzi. Akiba ya kiangazi ikipungua, hupungua nguvu za umeme wa Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na ndugu zetu wa Garissa na Hola huutegemea mto huo huo.

Basi hao nao ni jirani zetu, ijapokuwa hatuwaoni. Twawafunza watoto wasifanye israfu ya maji hata wakitawadha mtoni. Yafaa nini kuhifadhi kata moja ya udhu, hali twalijaza udongo bwawa zima?

Dawa yake haihitaji mali nyingi. Wakulima wa Machakos waijua, nao huiita fanya juu. Chimba mfereji unaoukingama mtelemko. Udongo utokao utupe upande wa juu uwe tuta. Kisha panda mabingobingo juu ya tuta, mizizi iushike udongo na majani yalishe ng'ombe. Maji ya mvua hukwama, yakanywewa na ardhi, na mwaka baada ya mwaka shamba huwa ngazi. Wala tusilime hadi ukingoni mwa mto. Hapo tuwaachie miti na nyasi.

Sisi tumekwisha anza, Alhamisi alasiri, kwa jembe moja. Mfereji wa kwanza haujafika mwisho wa shamba, lakini jirani yetu wa chini ametuazima jembe la pili. Nawe, ndugu msomaji, mvua ijayo usiulize mahindi peke yake.

Wabillahi tawfiq.