Bei Si Sauti

Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Walinena hivyo kabla muziki haujaletwa nyumbani kwa intaneti, lakini neno lao lawafaa sana wasikilizaji wa leo. Mtu huwa na chombo chema cha muziki. Siku moja husikia kwamba kimetoka kingine chenye namba kubwa zaidi, na tangu saa hiyo chake hukiona kibovu. Msomaji, nataka kukutetea wewe, pamoja na mfuko wa mzazi wako, dhidi ya tamaa hiyo.

Kwanza tujue namba hizo ni nini. Sauti ni mtetemo wa hewa. Chombo cha dijitali huupima mtetemo huo mara nyingi kila sekunde na kuandika kila kipimo kwa namba. Sidii, iliyoingia sokoni mwaka 1982, ina vipimo 44,100 kwa sekunde, kila kimoja kwa biti 16. Hesabu hiyo haikubuniwa ovyo. Sikio zima la kijana husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 hivi kwa sekunde. Na mwaka 1949 Claude Shannon alithibitisha ya kuwa mtetemo huweza kurudishwa kamili ukipimwa zaidi ya mara mbili ya kasi yake. Mara mbili ya 20,000 ni 40,000. Sidii imekwisha kuivuka.

Leo wauzaji watuhimiza tununue vipimo 192,000 kwa biti 24. Biti hizo zina kazi yake studioni, mafundi wanapochanganya sauti. Lakini sebuleni, mitetemo iliyozidi upeo wa sikio yamfaa nani, ila popo? Mwaka 2007 Wamarekani wawili, Meyer na Moran, walitangaza matokeo ya majaribio 554. Wasikilizaji walitakiwa kutofautisha sauti ya vipimo vingi na sauti ile ile iliyopitishwa katika kipimo cha sidii, bila kuambiwa ipi ni ipi. Walipatia mara 276, pungufu ya nusu kwa jaribio moja. Mrusha sarafu angalifanya vivyo hivyo.

Utanijibu, “Mimi mwenyewe nimeisikia tofauti.” Siukatai ukweli wa moyo wako, naukataa ushahidi wa macho yako, yaliyoiona bei kabla sikio halijasikia. Tena sauti iliyozidi nguvu kidogo tu huonekana bora. Basi sawazisha nguvu zake, geuka ukutani, rafiki yako abadilishe vyombo mara ishirini, nawe utaje. Ukishindwa, fedha yako imepona.

Waya nao una hila yake. Namba zikifika kama zilivyotumwa, waya wa bei ya ng'ombe hauongezi kitu juu ya waya wa bei ya kuku.

Sisemi kwamba vyombo vyote ni sawa. Muziki uliobanwa kupita kiasi hupoteza uhai wake, na spika dhaifu huharibu hata wimbo mwema. Ukiwa na fedha ya kutumia, anza na spika. Lakini hata kabla ya fedha, itoe spika pembeni mwa chumba, ambako besi huvimba. Tandika zulia, tundika pazia zito, kwa maana saruji tupu huirudisha sauti kama mwangwi wa pango. Nazo nyimbo za Fundi Konde zilizonaswa miaka ya 1950 hazitapata kwa namba yoyote kile ambacho mashine ya siku ile haikukinasa. Uzuri wake umo katika gitaa na koo la mwimbaji.

Mwisho, kumbuka kwamba spika mbovu hubadilishwa, lakini sikio lililoharibiwa kwa kelele halina duka. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 za juma. Punguza sauti, funga mkoba, usikilize wimbo. Anayesikiliza namba hausikii muziki.