Sehemu ya 5: Buibui wa ukutani tumwache, jamani

Mama zangu wa Kigoma! Mvua zimeanza na simu yangu imejaa picha. "Nesi, huyu mdudu gani? Ana sumu?" Nondo, tandu, jongoo, halafu buibui, buibui, buibui. Kupiga picha ni vizuri, endeleeni. Ila leo tubishane kidogo.

Juzi mama mmoja wa Ujiji kanitumia buibui mkubwa bapa, yule anayejibandika ukutani nyuma ya kabati. "Kamkojolea mwanangu shingoni usiku." Nikamwambia nitumie na shingo. Kulikuwa na mstari mwekundu wenye malengelenge madogo, kama mtoto kapitishiwa kijiti cha moto. Buibui alikuwa keshapigwa ndala.

Kaonewa. Yule hula mende na wadudu wengine wa ndani, na hakojolei mtu. Aliyefanya kazi ile ni kidudu chembamba, urefu wake hata sentimita moja kinaweza kisifike: kichwa cheusi, mwili wa rangi ya chungwa na nyeusi kwa mapande. Ukimwona haraka utadhani siafu. Wakenya wanamwita nzi wa Nairobi, ingawa si nzi, ni wa jamii ya mbawakawa. Haumi wala hachomi. Sumu iko ndani ya mwili wake, na inatoka ukimponda kwenye ngozi. Anafuata taa ya barazani msimu wa mvua, anamtua mtoto, mtoto anajipiga, basi.

Sasa sikia hapa. Malengelenge hayatoki papo hapo, mara nyingi ni kesho yake au keshokutwa. Wakati huo mhusika hayupo tena. Unazungusha macho chumbani, unamkuta buibui, unampiga picha yeye. Ndiyo maana nasema picha ya mdudu peke yake inanidanganya mimi na wewe. Nitumie ya ngozi ya mtoto, na uniambie ilianza lini na mlilala wapi.

Ukimwona huyo wa chungwa juu ya mtoto, usimpige. Mpulize, au mwondoe kwa karatasi. Akishapondeka, osha kwa maji na sabuni mara moja, na mikono yako pia, maana ukigusa jicho litavimba. Mawese na dawa ya meno viacheni jikoni na bafuni. Ikiwa ni karibu na jicho, njoo kituoni.

Wengine hampati hata picha yao. Papasi anatoka kwenye ufa wa nyumba ya udongo usiku, ananyonya, anarudi ufani kabla hamjaamka. Homa yake inakuja, inaondoka, inarudi. Daktari Joseph Dutton alikufa kwa homa hiyo mwaka 1905 huko Kongo, ng'ambo ya ziwa letu, akiwa anaichunguza. Mtoto akiwa na homa ya namna hiyo mlete apimwe, na malaria pia. Mbu hakuna anayenitumia picha yake!

Na nyoka, tafadhali, msimsogelee kwa ajili ya picha. Mtoto akiumwa na nyoka, mbebeni mje.

Yule wa Ujiji kapona, kabaki na doa jeusi shingoni. Jana mama yake kanitumia picha nyingine. Buibui tena, ila huyu yuko hai.