Namba Sahihi, Mwenyewe Nani?

Mfanyabiashara wa Mombasa au Dar es Salaam aagizaye vipuri kutoka Ujerumani au Dubai, ijapokuwa benki za kwao hazijaingia katika utaratibu wa IBAN, amekwisha kuizoea ile namba ndefu ya akaunti ya kimataifa, IBAN, ichapwayo chini ya ankara: herufi mbili za nchi, tarakimu mbili za ukaguzi, kisha namba ya benki na ya akaunti yenyewe, jumla alama 22 kwa Ujerumani na 23 kwa Dubai. Mastadi walioitungia kanuni mwaka 1997 walikusudia kuzuia taksiri za makarani, na kwa hilo wanastahili shukrani. Kwani alama nne za mwanzo zikihamishiwa mwisho, na herufi zikageuzwa tarakimu, A ikawa 10 na Z ikawa 35, namba nzima ikigawanywa kwa 97 haina budi kubakisha 1, hata karani aliyekosea tarakimu moja, au aliyepishanisha mbili zilizo jirani, hurudishwa papo hapo kabla fedha hazijatoka.

Lakini hesabu hiyo haimjui mwenye akaunti. Ayari aliyejipenyeza katika barua pepe za muuzaji na kughushi ankara huandika IBAN yake mwenyewe, ambayo ni halali kabisa, nayo hubakisha 1 kama ya mtu mwaminifu. Ankara ya kielektroniki ya kweli, ambayo Ubelgiji imeifanya faradhi baina ya wafanyabiashara tangu Januari 1, 2026, hupunguza hatari, kwa kuwa hupita katika mtandao wa waliosajiliwa. Ila namba ya ulaghai ikishaingizwa katika kompyuta ya muuzaji, ile ya mnunuzi huipokea bila jicho la mtu kuitazama. Na wengi wetu, tuseme kweli, huita ankara ya kielektroniki hata faili la PDF lililotumwa kwa barua pepe, ambalo kughushiwa kwake ni kazi ya dakika chache.

Ulaya imelitambua hilo: tangu Oktoba 9, 2025 benki za eneo la euro zinalazimika kulinganisha jina la mlipwaji na IBAN yake kabla mteja hajaidhinisha malipo, tena bila ada. Hifadhi hiyo haimfikii alipaye kutoka Mombasa, na benki zetu zingefanya hisani kubwa kuidai kwa niaba yake. Hadi hapo, ewe msomaji mfanyabiashara, ankara ikikujia na IBAN mpya, mpigie simu muuzaji kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, wala si ile iliyoandikwa juu ya ankara hiyo.