Si kila mgongo wa kijana ni uvivu

Nilipoanza kuamshwa na mgongo saa kumi usiku nilikuwa na miaka 22, na kila mtu alikuwa na jibu lake. Mamangu alisema ni godoro. Rafiki niliyekuwa nikiishi naye akasema ni simu. Mhadhiri wa somo la saa mbili asubuhi aliamua ati ni pombe, na hapo ndipo mambo ya chuo yakaanza kuniharibikia.

Hakuna aliyeniuliza kuhusu ngozi. Hata mimi sikuona uhusiano. Magamba ya viwikoni niliyaita choa, ya kichwani nikayaita mba, na kucha zenye vitobo nikazificha mfukoni. Kumbe ni soriasisi, na kinga ileile ya mwili inayovuruga ngozi ilikuwa imevamia viungo vya uti wa mgongo.

Wala si ajabu. Kati ya watu 10 wenye soriasisi, hadi 3 hivi hupata yabisi yake. Wengine hushikwa vidole, wengine mgongo, wengine vyote. Mcheza gofu Phil Mickelson alitangaza mwaka 2010 kwamba anayo, na huyo hakuna aliyemwita mvivu.

Mgongo wa kubeba mizigo hupoa ukilala. Huu wetu hukasirika ukilala. Mara nyingi huanza polepole kabla ya miaka 40, hukaza asubuhi nusu saa au zaidi, kisha ukitembeatembea unalegea. Ndiyo maana nachukia ule ushauri wa "pumzika kitandani." Mimi nilipumzika wiki mbili, nikaamka kama mbao.

Lawama yangu naipeleka zahanati. Unapigwa eksirei, inatoka safi, unapewa tembe za maumivu na kuambiwa huna kitu. Lakini mwanzoni eksirei inaweza kuwa safi na uvimbe upo. Picha ya MRI ndiyo huuona mapema. Najua bei ya MRI, jameni, siwezi kumlaumu daktari kwa hiyo. Ila kumwambia mgonjwa akunje mikono ya shati kunagharimu shilingi ngapi?

Wewe unayesoma haya usiku umeegemea ukuta, angalia kucha zako. Angalia nyuma ya masikio na kitovuni pia. Ukikuta kitu, mwonyeshe daktari hata kama hajauliza.