KITANDA HAKIUI MTOTO



Ndugu yangu, mkeo ana mimba ya miezi minane. Kitanda cha mtoto kimekwisha, lakini bado kiko kwa fundi seremala, kwa sababu mama yako amesema kikiingia ndani kabla mtoto hajazaliwa ni uchuro. Na wewe, mwanamume unayeswali swala tano, umenyamaza!

Niulize mimi. Mwaka 1998 tulikuwa tunamsubiri mtoto wetu wa kwanza. Wazee wakakataza, nikatii. Hatukununua hata soksi. Usiku wa uchungu nikazunguka kwa majirani kuazima beseni na kanga. Mtoto akazaliwa, na siku ya tatu Allah akamchukua. Haya, niambie: kitanda hakikuwepo, nguo hazikuwepo. Huo uchuro uliingilia mlango gani?

Umri wake ulikuwa umeandikwa. Mtume (s.a.w.) ameikanusha tiyara, yaani kuamini mkosi wa ndege, wa siku au wa kitu, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Sasa unaogopa mbao?

Utaniambia, "Sheikh, mimi namtegemea Allah tu." Vizuri. Mama yake Nabii Musa aliahidiwa kwamba mwanawe atarudishwa kwake, na bado aliamrishwa amtie kwanza katika sanduku. Bibi Maryam, akiwa katika uchungu wa kuzaa, aliambiwa alitikise shina la mtende. Wewe ni nani hata usitie mkono?

Ajabu ni kwamba hao hao wanaokiogopa kitanda kitupu, mtoto akishalala humo wanafunga hirizi kwenye nguzo, mvuje kwenye kitambaa cheusi, na kisu chini ya mto. Hofu ni ile ile, imebadilisha nguo tu. Mtume (s.a.w.) aliwakinga Hasan na Husein kwa dua. Kisu kitamkata mtoto, na uzi shingoni utamkaba. Hayo ndiyo ya kuogopwa!

Sisemi ukope ili upige picha za chumba. Israfu nayo ni dhambi. Kama huna kitanda, andaa mahali safi na salama.

Leo baada ya Alasiri nenda kwa fundi. Sema Bismillah, kaza skrubu zote, kisha kitikise. Kikicheza, kaza tena. Godoro liwe gumu na lienee mpaka kingoni, pasibaki pengo. Usiweke mto. Tundika chandarua chenye dawa. Mtoto akija, mlaze chali.

Na mama yako usimfokee. Mbusu mkono, mweleze kwa upole, kisha kiingize kitanda ndani mchana kweupe, majirani wakione.

Allah awajaalie wake zetu wajifungue salama, na awape subira waliofiwa na watoto wao. Aamin.

Wabillahi tawfiq.