UHURU NA UJAMAA: MSIMAMO WA TAWI



Wapo wanaosema ujamaa ulishakufa, uhuru unatosha. Hatukubaliani nao. Uhuru wa 1961 ulijibu nani atawale. Azimio la Arusha, 1967, likauliza atawale kwa faida ya nani. Mwaka 1991, kule Zanzibar, Chama kililegeza masharti ya uongozi: hisa na nyumba za kupangisha zikaruhusiwa. Lakini Katiba ya nchi, ibara ya 3, bado inaiita nchi yetu ya kijamaa.

Bwawa letu la Mtera linazalisha umeme wa Taifa. Mvuvi akiuliza fungu lake liko wapi, haupingi uhuru, anaukamilisha.

Tuanzie nyumbani: hesabu za tawi zisomwe kila mkutano, risiti mezani. Asiyetaka kukaguliwa asiombe kura zetu.

Katibu wa Tawi